Jangwa si Tupu: Kipimo cha Riziki Majumbani Mwetu

Sisi tuliolelewa baina ya bahari na minazi, tukisikia neno jangwa, fikra zetu hukimbilia kiu, upweke na mauti. Twalidhania kuwa ni ardhi iliyonyimwa. Lakini mwenye kulitazama kwa utulivu huona kuwa ndani yake mna uhai mwingi, na kwamba kila chenye uhai humo huishi kwa kipimo. Juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya kipimo hicho, kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazisumbuliwi na uchache wa riziki peke yake, bali pia na namna riziki hiyo inavyotumika siku inapoingia.

Tuanze na Oman, nchi ambayo familia nyingi za pwani yetu zina nasaba nayo. Mashariki mwake upo Mchanga wa Sharqiya, ambao wengi huujua kwa jina la Wahiba, wenye vilima vinavyofikia kimo cha takriban mita 100. Kandokando ya vilima hivyo humea mti uitwao ghafu. Majani yake hubaki ya kijani hata kiangazi kikiwa kikali. Ngamia na mbuzi huyala, na msafiri hupumzika kivulini mwake. Siri yake haionekani kwa macho, kwani mzizi wake huteremka ardhini makumi ya mita ukifuata unyevu. Mche wa ghafu hupeleka nguvu zake chini kabla ya kurefuka juu. Nasi twazijua nyumba zilizoanza kinyume cha mti huu: harusi ya siku 3 iliyosifiwa mtaa mzima, kisha deni lake likalipwa kwa miaka, huku maharusi wakishindwa na kodi ya chumba.

Tutazame pia mbegu. Mimea midogo ya jangwani huishi majuma machache tu baada ya mvua, kisha hufa ikiacha mbegu mchangani. Mbegu hizo hazidanganyiki na manyunyu. Nyingi zina ganda lenye kizuizi ambacho hakiondoki mpaka mvua ya kutosha ikioshe. Na hata mvua hiyo ikinyesha, mbegu hazichipui zote kwa pamoja. Baadhi yake husalia zimelala zikingoja mwaka mwengine, ili ukame ukirudi ghafla kizazi chote kisiangamie. Ni mara ngapi tumeona shamba la urithi likiuzwa, fedha zikapokewa kwa furaha, na baada ya mwaka mmoja pasiwe na shamba wala fedha? Mvua ilinyesha mara moja, na mbegu zote zikaota siku ile ile. Wazee wetu walisema akiba haiozi. Mbegu za jangwani hutuonesha kwamba pasipo akiba, huenda pasiwe na mwakani.

Ama ngamia, wengi hudhani kuwa nundu yake ni tangi la maji. Sivyo, nundu ni mafuta. Ni kweli kwamba ngamia mwenye kiu aweza kunywa takriban lita 100 kwa muda mfupi, lakini ustahimilivu wake hautokani na kunywa sana tu. Unatokana na kupoteza kidogo. Mchana huuacha mwili wake upate joto kwa nyuzi kadhaa pasi na kutoka jasho, na usiku hupoa. Mkojo wake ni mchache, na kinyesi chake ni kikavu. Sisi, aghalabu, hutafuta njia ya kuongeza pato bila kuuliza pato lililopo linavujia wapi. Vocha za simu, riba za mikopo midogo midogo na chakula kinachotupwa usiku ni jasho ambalo ngamia asingelitoa.

Funzo kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika falaji, mifereji ya kale inayoyaleta maji kutoka milimani hadi vijijini. Zipatazo 3,000 zingali zikitumika nchini Oman, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji 5 katika orodha ya urithi wa dunia, mojawapo ikiwa falaji ya Daris huko Nizwa. Pale maji yanapotokeza kijijini, watu wote huchota ya kunywa bila malipo, tajiri kwa maskini, mwenyeji kwa mgeni. Ndipo yapitie msikitini na mahali pa kuogea, kisha yaingie mashambani kwa zamu. Tangu zamani zamu hizo zilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, na kila mwenye shamba aliijua saa yake. Katika nchi ambayo tone moja lingeweza kuzua vita, utaratibu unaojulikana na wote umedumisha ujirani. Ndugu wangapi leo hawasalimiani kwa sababu ya nyumba ya marehemu baba yao ambayo haikugawiwa kwa wakati na kwa uwazi?

Na ukame unapozidi, watu wa falaji hufanya uamuzi mgumu. Huyaacha makonde ya mimea ya msimu yakauke, na maji machache yaliyobaki huyapeleka kwenye mitende. Mboga zaweza kupandwa tena mvua ikirejea. Mtende huchukua miaka kukua.

Kwa hivyo twawaomba akina baba na akina mama, kabla mwezi huu haujaisha, mkae pamoja na watoto waliofikia umri wa kufahamu, muyaweke wazi mapato na matumizi ya nyumba. Kisha mkubaliane: siku ya uhaba ikifika, kipi kwetu ni mboga, na kipi ni mtende?