Kumiliki Bunduki: Haki au Kibali?

Mtahiniwa akiulizwa kama raia wa Tanzania ana haki ya kumiliki bunduki, ni rahisi kukimbilia Ibara ya 24 ya Katiba ya mwaka 1977, inayolinda haki ya kumiliki mali, kisha akaandika "ndiyo". Jibu hilo halitoshi. Ibara hiyo hiyo inaweka umiliki chini ya sheria, na sheria inayohusika hapa ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa sheria hiyo bunduki humilikiwa kwa leseni, na leseni yaweza kukataliwa au kufutwa. Marekani ni tofauti: huko haki ya kuwa na silaha imo ndani ya Katiba yenyewe tangu marekebisho ya mwaka 1791. Usichanganye hayo mawili.

Chukua mkulima wa Ukata, wilayani Mbinga. Nguruwe pori wakiingia usiku, shamba la mahindi laweza kuisha kabla ya mavuno. Sababu anayo. Hata hivyo ombi lake huanzia kijijini kabla ya kufika polisi, na kuna busara ndani yake: majirani ndio wanaojua kama mwombaji ni mlevi, mgomvi, au mtu wa kuaminika.

Akishapata leseni, wajibu ndipo unapoanza. Bunduki ikae ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, bila risasi, na risasi zifungiwe mahali pengine. Ufunguo awe nao mmiliki mwenyewe. Juu ya dari au chini ya godoro si mahali pa kuhifadhia, kwa kuwa watoto wa nyumbani hupajua na mwizi huanza kutafuta hapo hapo. Silaha ikipotea, polisi waarifiwe mara moja.

Gobori lina hatari yake ya pekee. Baruti na gololi hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, na kuvitoa bila kufyatua ni kazi ngumu. Kwa hiyo mwindaji aliyerudi mikono mitupu hushawishika kuliegemeza ukutani likiwa bado limeshindiliwa. Kuondoa fataki peke yake hakulifanyi kuwa tupu.

Hapa ndipo Ibara ya 14, haki ya kuishi, inapokutana na Ibara ya 24. Ibara ya 30 inaeleza kwamba haki ya mtu mmoja isitumiwe kuingilia haki za wengine. Mtoto anayecheza karibu na gobori hilo ana haki isiyohitaji leseni.

Je, gobori aliloacha babu? Leseni hairithiwi kama shamba la kahawa. Familia hulipeleka polisi, na anayelitaka huomba upya. Kwa silaha zisizo na kibali, serikali ilitoa msamaha Septemba na Oktoba 2022: aliyesalimisha kwa hiari ndani ya muda huo hakushtakiwa kwa kuwa nayo.