Kodi ya Nyumba: Haki za Mpangaji na Haki za Mwenye Nyumba

Mtu atokaye shamba kwenda Nairobi au Mombasa kutafuta kazi hutambua upesi kwamba sehemu kubwa ya mshahara wake ni ya mwenye nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya jamaa wakaao mijini katika Kenya hukaa katika nyumba za kupanga. Kwa kuwa watu ni wengi na vyumba vizuri ni haba, mpangaji huogopa kuuliza neno lo lote asije akaambiwa, "Kama hutaki, yuko mwingine." Kwa hofu hiyo wengi hupoteza fedha na haki walizopewa na sheria. Wenye nyumba nao, kwa kutojua sheria, hujitia hatiani kwa ugomvi ambao ungaliweza kumalizwa kwa barua moja.

Jambo la kwanza ni kujua nyumba iko chini ya sheria gani. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1959 ingali inatumika. Inahusu nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya kipimo haizidi Sh. 2,500 kwa mwezi. Kodi ya kipimo ni ile iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981. Kama nyumba haikuwa imepangishwa siku ile, Baraza la Kodi hukadiria kwa kuangalia gharama ya kujenga na thamani ya kiwanja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bei za vitu zimepanda mara nyingi tangu mwaka 1981, lakini mpaka wa Sh. 2,500 haukupandishwa. Kwa hiyo nyumba nyingi za Nairobi sasa ziko nje ya sheria hiyo, na mpangaji wa nyumba ya Sh. 15,000 asitumaini kwamba Baraza litampunguzia kodi. Lakini mtu akaaye katika chumba cha kodi ndogo, kama vilivyo vingi katika miji midogo na mitaa ya maskini, asidhani kwamba hana mtetezi. Sheria hii inamlinda yeye hasa.

Katika nyumba zilizo chini ya sheria hiyo, mwenye nyumba haruhusiwi kudai kilemba, yaani fedha za kumfungulia mtu mlango zaidi ya kodi yenyewe. Haruhusiwi kumtoa mpangaji bila amri ya Baraza, wala Baraza halitoi amri bila sababu iliyotajwa katika sheria, kama vile kodi isiyolipwa, au mpangaji kuwasumbua jirani zake. Tena ni kosa kumnyima maji, au kumtia katika taabu nyingine, kwa kusudi la kumfanya ahame au akubali kodi kubwa zaidi.

Nyumba ambazo kodi yake ya kipimo imezidi mpaka huo hutawaliwa na mapatano ya watu wawili wenyewe, pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kama hakuna muda uliotajwa na kodi hulipwa kila mwezi, sheria huhesabu kwamba upangaji ni wa mwezi kwa mwezi, na anayetaka kuuvunja lazima atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Sharti hilo humfunga mwenye nyumba, na humfunga mpangaji vile vile. Mpangaji ahamaye usiku bila notisi huweza kudaiwa kodi ya mwezi huo. Tena mpangaji ana haki ya kukaa kwa amani bila kuingiliwa maadamu analipa na kutimiza masharti. Na pale sehemu tu ya jengo inapopangishwa, kama chumba kimoja katika nyumba ya ghorofa, kazi ya kutengeneza paa, kuta za nje na mifereji mikubwa ni ya mwenye nyumba.

Je, mwenye nyumba asiyelipwa afanye nini? Sheria haikumwacha mikono mitupu. Anaweza kumtuma dalali mwenye leseni kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya deni, kwa kufuata Sheria ya Kukamatia Kodi, au anaweza kwenda mahakamani. Lakini akiingia chumbani mwenyewe na kutoa kitanda nje, au akitia kufuli lake mlangoni wakati upangaji haujavunjwa kwa njia ya haki, yeye aliyekuwa mdai huweza kugeuka mdaiwa na kuamriwa kulipa fidia.

Wenye maduka, hoteli na mikahawa wana sheria yao ya mwaka 1965. Wale wasio na mapatano ya maandishi, au wenye mapatano yasiyozidi miaka mitano, hulindwa na Baraza la Kodi za Nyumba za Biashara. Mwenye jengo akitaka kupandisha kodi au kumwondoa mfanya biashara, lazima atoe notisi ya maandishi kwa namna iliyoagizwa na sheria, isiyopungua miezi miwili. Mfanya biashara asiyekubali apeleke shauri lake Barazani kabla siku ya notisi haijafika. Wengi hushindwa, si kwa kuwa hawana haki, bali kwa kuwa waliiweka notisi sandukuni mpaka siku ikapita.

Jambo jingine liletalo ugomvi ni amana. Mtu apangaye nyumba ya Sh. 6,000 kwa kawaida huambiwa alete kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja, jumla Sh. 12,000, kabla hajapewa ufunguo. Siku ya kuhama huambiwa kwamba amana imekwisha kwa rangi na vioo. Kama hakuandika hali ya nyumba siku alipoingia, atashuhudia kwa nini kwamba kioo kilikuwa kimevunjika zamani? Mpangaji mwenye karatasi anaweza kudai fedha zake katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000.

Wako pia walaghai wajifanyao mawakala, ambao huonyesha watu wengi chumba kimoja, hupokea amana kwa kila mmoja, kisha hutoweka. Ni busara kuwauliza wapangaji wa jengo lile nani mwenye mali, na kutotoa fedha kabla ya kuona chumba na mwenyewe au wakala wake halisi.

Kwa hiyo yafaa kila mpangaji afanye mambo manne: apate mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili; adai stakabadhi kwa kila shilingi aliyolipa, na akilipa kwa simu auhifadhi ujumbe; aandike hali ya nyumba siku ya kuingia, mwenye nyumba akishuhudia; na kila lalamiko alipeleke kwa barua na kubaki na nakala. Mwenye nyumba naye aweke daftari ya kodi. Itamfaa Barazani, na itamfaa kwa kodi ya mapato pia.

Hakimu hakuwapo chumbani siku fedha zilipotolewa. Hawezi kuamua kwa machozi ya mmoja wala kwa hasira ya mwingine. Huamua kwa ushahidi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.