Utangulizi: Kuzisoma Rekodi za Machi

Kila mwezi Machi timu za mpira wa kikapu za vyuo vikuu vya Marekani hukutana katika mashindano ya NCAA, na anayefungwa mara moja tu anafungasha virago. Mwaka 1939 zilishiriki timu 8, Oregon ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Ohio State 46–33. Tangu 2011 zinaingia timu 68. Hesabu zilizorundikana tangu enzi hizo zinatosha kumshughulisha mtafiti maisha yake yote, na mimi ni mmoja wa walionasa humo kwa hiari.

Kabla hujaisadiki rekodi yoyote, uliza imepatikana katika mechi ngapi na chini ya kanuni zipi.

Chukua rekodi ya pointi nyingi katika mashindano ya wanaume ya mwaka mmoja. Anayeishikilia ni Glen Rice wa Michigan, aliyefunga 184 mwaka 1989. Nyuma yake yuko Bill Bradley wa Princeton, 177, mwaka 1965. Rice alicheza mechi 6, Bradley 5. Kwa wastani Bradley anaongoza, 35.4 kwa 30.7. Tena, vikapu 27 vya Rice vilikuwa vya pointi tatu, na mstari wa pointi tatu uliingia katika mchezo wa vyuo msimu wa 1986–87. Bradley hata angetupa kutoka mbali kiasi gani, alihesabiwa mbili. Basi tumpe yeye ukubwa? Subiri kwanza. Pointi 58 kati ya hizo 177 alizifunga dhidi ya Wichita State katika mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, Princeton ikiwa imeshatolewa kwenye mbio za ubingwa; mechi hiyo siku hizi haipo kabisa. Ukiiondoa, anabaki na 119 katika mechi 4, wastani usiofika 30. Rice anarudi mbele, tena timu yake ndiyo iliyobeba kombe. Ugomvi huu mtamu hauonekani kwa anayesoma mstari wa juu wa jedwali peke yake.

Fainali ya 1973 nayo ina fundisho lake. Bill Walton wa UCLA alitupa mara 22, zikaingia 21, akamaliza na pointi 44. Asilimia 95! Ila karatasi ya takwimu haikwambii kwamba wakati huo kanuni za vyuo zilikataza kudanki. Ilimlazimu aupitishe mpira juu ya kikapu na kuuachia kwa vidole.

Kuna pia yale ambayo hayakuandikwa. Bill Russell alidaka ribaundi 27 katika fainali ya 1956 akiwa na San Francisco, na mikono yake ndiyo iliyowatia hofu wafungaji wa zama zake. Alizuia mitupo mingapi? Bloku zilianza kuhesabiwa rasmi msimu wa 1985–86. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyefika nusu fainali na Connecticut mwaka 2009, bloku zake zimeandikwa zote.

Upande wa wanawake pengo ni kubwa zaidi. NCAA iliwaanzishia mashindano yao mwaka 1982. Immaculata, chuo kidogo cha Pennsylvania, kilichukua ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo kuanzia 1972, chini ya chama kingine. Ukifungua orodha ya mabingwa wa NCAA, hukikuti.