Jitu la Ubohoni

Mpenzi wa supu ya mifupa anaijua raha ya kugonga mfupa wa ng'ombe kwenye sahani mpaka uboho udondoke. Lakini kile kinachodondoka, cha njano na chenye kuteleza, sehemu kubwa yake ni mafuta. Uboho unaotengeneza damu ni mwekundu, na kwa mtu mzima umo hasa kwenye mbavu, mfupa wa kifua, uti wa mgongo na nyonga. Ndiyo maana daktari anayetaka kuuchunguza huchoma sindano kwenye nyonga, hagusi miundi.

Tone la uboho huo likitandazwa kwenye kioo na kuwekwa chini ya hadubini, huonekana seli moja iliyowazidi wenzake wote kwa ukubwa. Seli nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 au 8. Hii hufika 50, hata 100. Wataalamu huiita megakariosaiti. Kazi yake ni kuzaa chembe sahani, vile vipande vya maikromita 2 hadi 3 vinavyokimbilia penye jeraha, vikashikana na kuziba tundu damu isiendelee kutoka.

Mwaka 1882 Giulio Bizzozero wa Turin, Italia, alieleza jinsi chembe sahani zinavyoshiriki katika kuganda kwa damu. Zinatoka wapi? Jibu lilipatikana Boston mwaka 1906. James Homer Wright alipaka uboho rangi aliyoibuni mwenyewe, akaona punje zilizomo ndani ya megakariosaiti zimeshika rangi sawasawa na punje za chembe sahani. Mtoto alikuwa amefanana na mzazi wake.

Safari ya jitu hili huanzia kwenye seli shina, mama wa seli zote za damu. Homoni iitwayo thrombopoyetini, inayotengenezwa zaidi na ini, huisukuma seli changa ishike njia ya kuwa megakariosaiti. Hapo hutokea jambo la ajabu. Seli nyingine zikishanakili kromosomu zao hugawanyika kuwa mbili. Hii hunakili, hunakili tena, wala haigawanyiki. Badala ya seti 2 za kromosomu hujikuta na 16, 32, hata 64. Kwa maelekezo mengi hivyo, inaweza kutengeneza protini na utando kwa wingi mkubwa.

Ikishakomaa hujibanza kwenye ukuta wa mshipa mdogo uliomo ndani ya uboho, ikapenyeza mikono mirefu na myembamba hadi kwenye damu inayopita. Punje zenye dawa za kugandisha damu husafirishwa mkononi kufuata nyuzi za protini, mpaka nchani. Mkondo wa damu huivuta mikono hiyo na kuikatakata. Jitu moja hutoa maelfu ya chembe sahani, kisha kinachobaki, kiini kitupu, huliwa na seli za usafi. Kwa siku moja mwili hutoa chembe sahani zipatazo bilioni 100.

Nani anahesabu zisizidi wala kupungua? Chembe sahani zenyewe. Kila moja hunasa thrombopoyetini na kuimeza. Zikiwa nyingi, homoni huisha na uzalishaji hupoa. Zikipungua, homoni hubaki na uboho huongeza kasi. Kwa mtu mzima mwenye afya hubaki kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu.

Kwa kuwa ni kipande tu cha seli, chembe sahani haina kiini, na huishi siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kidonge cha aspirini kikishaizima, haiwezi kujitengeneza upya. Mwili husubiri kizazi kingine. Ndiyo maana pia mgonjwa wa saratani, ambaye dawa zimeuchosha uboho wake, huweza kutokwa damu kwenye fizi kwa kupiga mswaki tu.

Mgonjwa huyo huhitaji kuongezewa chembe sahani za mtu mwingine. Hizo kwa kawaida hazigandishwi wala haziwekwi kwenye jokofu kama damu nyekundu. Hutunzwa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa polepole, kwa siku 5 hivi. Zilizotolewa Jumatatu hazivuki wiki. Kwa hiyo usingoje tangazo la dharura ndipo uende kuchangia damu: nenda leo, na muda wako ukifika, rudi tena.