KUSOMA KWA PAMOJA NI NGUVU YA MWANACHUO

Yeyote kati yetu aliyepita katika chuo cha ukadeti anaukumbuka usiku wa kuamkia mtihani wa kusoma ramani. Aliyejitenga na dira yake alitoka na makosa yale yale aliyoingia nayo. Waliokaa watatu au wanne kuizunguka ramani moja walisahihishana kabla mkufunzi hajawafikia. Jambo hilo tulilolijua kambini limechunguzwa pia katika vyuo vikuu.

Katika miaka ya 1970, kijana aitwaye Uri Treisman, aliyekuwa akisomea shahada ya juu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Marekani, alifadhaishwa na jambo moja. Wanafunzi wengi weusi walikuwa wakianguka katika somo la kalkulasi, ingawa walitoka shuleni wakiwa hodari. Alipowauliza walimu sababu, walitaja ukosefu wa ari, msingi dhaifu, umaskini na wazazi wasiohimiza masomo. Treisman hakutosheka na dhana. Aliwachagua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya Kichina, akawafuata hata malazini mwao kutazama jinsi walivyosoma.

Aliyoyaona yaliwaumbua waliolaumu. Vijana weusi walikuwa na bidii, na wazazi wao waliwahimiza sana. Lakini karibu kila mmoja alisoma peke yake, maana ndivyo alivyofaulu shuleni. Wale wenye asili ya Kichina nao walianza kila mtu na daftari lake, kisha wakakutana kulinganisha majibu. Mmoja akikosea, wenzake walimwonyesha. Wote wakishindwa, walitambua kuwa swali lenyewe ni gumu. Yule mpweke aliposhindwa alidhani kwamba mjinga ni yeye tu, wala hakuwa na wa kumwambia kinyume.

Ndipo Treisman akaanzisha vikundi vya kusomea. Havikuwa vya kuwahurumia walio dhaifu: walipewa maswali magumu kuliko ya darasani, wayajadili pamoja. Wengi waliohudhuria walifaulu vizuri, na vyuo vingine vya Marekani vikauiga mpango huo.

Faida hii haiwahusu wanafunzi peke yao. Chuo cha Evergreen, katika mji wa Olympia, jimbo la Washington, kilichofungua milango mwaka 1971, kilijengwa juu ya msingi kwamba walimu wa fani mbalimbali wafundishe mpango mmoja kwa pamoja, na wakutane wenyewe kujadili vitabu wanavyovifundisha. Mwalimu anayemsikiliza mwenzake akifundisha huyaona mapungufu yake mwenyewe, ambayo hakuna mwanafunzi angethubutu kumwambia.

Inafaa ieleweke kwamba kusoma kwa pamoja si kunakiliana. Kila mmoja hufika kikaoni akiwa amekwisha kuitoa jasho kazi yake; asiyeleta kitu ni mzigo kwa wenzake.

Basi, ndugu askari na polisi, wengi wenu mnajiandaa kwa mitihani ya kupanda vyeo. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mkimwona mwenzenu amenyamaza kila swali linapoulizwa, msiharakishe kumwita mvivu. Mvuteni karibu na meza yenu, kwani huenda yuko gizani na ramani yake, naye anaona haya kuuliza njia.