Jukwaani Sur, Kiswahili Kimo

Wageni wengi wa Ras al Hadd hufuata kasa wa Ras al Jinz. Kasa hupanda ufukweni usiku kutaga, kwa hiyo jioni mgeni huwa hana kazi. Sisi wanaklabu tuliutumia wasaa huo kwenda Sur, mwendo usiofika saa moja kwa gari, kutazama mpira.

Sur ni mji mmoja wenye timu mbili za kutajika: Al-Orouba na Sur. Zote zimewahi kutwaa Kombe la Sultan Qaboos, na Al-Orouba ilikuwa bingwa wa ligi msimu wa 2014/15. Hapo mgeni hakai kati. Kabla hajamaliza chai yake ya maziwa ameshaulizwa yuko upande gani.

Tulikuwa bado tunasitasita tuliposikia sauti nyuma yetu: “Toa pasi we! Unangoja nini?”

Tuligeuka. “Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wanangu. Nyie watu wa wapi?”

Babu alikulia Unguja. Baba yake alikuwa baharia wa majahazi ya Sur, yaliyoshuka na kaskazi kwenda Zanzibar na kurudi na kusi. Kwa Kiarabu anasalimia, anauza na kununua. Lakini mpira ukichacha, anapiga kelele kwa Kiswahili.

Pembeni yake aliketi mjukuu wake, kijana wa rika letu. Alituuliza kwa Kiarabu, akicheka, “Babu anamwambia nini refa?” Tukamfasiria: anasema refa hana macho. Kijana alicheka zaidi, kisha akanyamaza. Huja naye uwanjani kila msimu, na maneno hayo ameyasikia tangu utotoni. Siku hiyo ndiyo kwanza ameyaelewa.

Mjini Sur kuna jahazi liitwalo Fatah al Khair, lililoundwa hapo hapo mwaka 1951. Liliuzwa, likaishia Yemen, na mwaka 1993 likarejeshwa nyumbani kwa michango ya wenyeji. Jahazi linaweza kununuliwa tena. Maneno ya babu hayana pa kununuliwa akishaondoka.

Kwa hiyo, wasomaji wenzetu, mkienda Sur msiende na kamera ya kasa tu. Chukueni na kinasa sauti, mkae jukwaani karibu na wazee, muwaamkie kwa Kiswahili. Na mjukuu akiwapo, mfasirieni.