Mpagazi Asitupe Mzigo

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, Ugogo na Kilimatinde, juu ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi. Aliyejikwaa alitarajiwa ayumbe, asimame, aendelee. Lau kila aliyejikwaa angetupa mzigo, msafara ungelala porini.

Leo mzigo ni umeme. Tabora huupata kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Shinyanga. Na Shinyanga imeungwa na Singida, Dodoma na Iringa kwa njia iliyojengwa kwa msongo wa kilovolti 400. Na Singida ndiko kuliko na ule upepo ambao kwa miaka mingi tumeambiwa utafua umeme.

Radi ikipiga waya, nguvu ya umeme hushuka ghafla mpaka swichi za kinga zikikate kipande kilichoharibika. Hayo huisha kabla jicho halijapepesa. Mtambo wa maji, kwa uzito wake, huvumilia. Wa upepo hutegemea vyombo vya elektroniki viwezavyo kuungua upesi; usipoandaliwa kuvumilia, hujitenga na gridi ili ujiokoe. Mmoja ukijitenga si neno. Mingi ikijitenga pamoja, hitilafu ya waya mmoja huwa giza la wote.

Ndivyo ilivyokuwa Australia Kusini tarehe 28 Septemba, 2016. Dhoruba iliangusha nguzo, umeme ukashuka mara kadhaa mfululizo. Mitambo ilikuwa imepangiwa idadi ya mishtuko ya kuvumilia ndani ya dakika 2. Idadi ilipotimia, megawati 456 zikatoweka, na jimbo zima likazimika. La kusikitisha ni kwamba mwendesha gridi hakuijua idadi hiyo.

Jirani zetu wa Kenya nao walizimikiwa tarehe 25 Agosti, 2023. Shamba la upepo la Turkana, lenye mitambo 365, lilijitoa. Wenyewe walieleza kuwa nguvu ya umeme gridini ilizidi kiasi. Tangu mwishoni mwa 2024 njia ya Isinya hadi Singida imetuunga nao.

Ndugu zetu wa Unguja, waliokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa baharini ulipoharibika, wanajua maana ya kuwa mwisho wa njia. Tabora nayo huutegemea waya wa kutoka Shinyanga.

Wapo watakaosema haya ni ya mafundi. La hasha! Ni ya mwenye kutia sahihi. Kabla mnara wa kwanza haujasimama Singida, mkataba hauna budi kutaja umeme ukishuka au kupanda kiasi gani, kwa muda gani na mara ngapi, mtambo ubaki gridini. Upimwe mbele ya wahandisi wetu, na hesabu zake zikae mezani kwa mwendesha gridi, si kabatini kwa mwuzaji.